Oksijeni ndani ya ndoo ya maji: kazi ya vichocheo vya bei nafuu, na hatari ya maji ya chumvi



Mwaka 2021, wakati wa korona, mama yangu aliugua kifua akahitaji oksijeni. Mitungi ilikuwa adimu. Jioni moja mpwa wangu, wakati huo yuko fomu tatu, akaingia na ndoo, betri ya gari, pakiti ya chumvi na vijiti viwili vyeusi alivyovitoa ndani ya betri za tochi. "Mjomba," akaniambia, "maji yana oksijeni ndani yake. Tukiyapitishia umeme inatoka. Nyanya atapumua."

Mimi nina diploma ya kemia ya maabara, na nilijua kwamba kijana hakusema uongo. Lakini hofu ya usiku ule ilinisahaulisha nusu ya pili ya somo. Tukatia maji, tukatia chumvi, tukaunganisha waya. Viputo vikaanza kupanda. Kabla ya kumpelekea mama kitu chochote niliinamisha pua yangu juu ya kijiti cha upande wa chanya, nikavuta. Nilikohoa mpaka machozi. Harufu ilikuwa ile ile ya Jik. Hatukutengeneza oksijeni ya kumfaa mtu. Tulitengeneza klorini, gesi inayochoma mapafu.

Alhamdulillah, jamaa wa msikitini walituazima mashine ya oksijeni na mama yuko nasi hadi leo. Lakini swali la mpwa wangu halikuniacha: ikiwa maji yamejaa oksijeni, na bahari iko mlangoni kwetu, ugumu uko wapi? Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kila kijana anayeona video kwenye simu akakimbilia ndoo.

Maji yanavyopasuliwa

Kupasua maji kwa umeme si jambo jipya. Mwaka 1800, mara tu baada ya Alessandro Volta wa Italia kutangaza betri yake, Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walitia nyaya za betri kama hiyo majini na kuona gesi zikitoka. Upande wa hasi hutoka haidrojeni, upande wa chanya hutoka oksijeni. Haidrojeni huwa mara mbili ya oksijeni kwa ujazo.

Na kweli oksijeni ni nyingi. Katika lita moja ya maji, gramu 889 ni oksijeni. Ukiitoa yote ikawa gesi, katika joto la kwetu Pwani utapata kama lita 680.

Fundi yeyote wa betri ameyaona haya bila kuyaita kwa jina la kitabuni. Ukichaji betri ya gari kupita kiasi, husema "betri inachemka". Haichemki. Ni maji yanapasuka kuwa haidrojeni na oksijeni, ndiyo maana kila baada ya muda unaongeza maji ya betri. Na ndiyo maana fundi mwenye akili hawashi sigara karibu nayo: haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua.

Ugumu uko upande wa oksijeni

Kwa hesabu za vitabuni, kupasua maji kunahitaji volti 1.23. Hiyo ndiyo bei halali. Lakini ukiweka volti 1.23 kwenye maji, hutaona kitu. Mashine za viwandani hutumia volti 1.8 hadi 2. Ile ziada hugeuka joto tu, ni umeme uliolipiwa ukapotea.

Sehemu kubwa ya hasara hiyo iko upande wa chanya, panapozaliwa oksijeni. Sababu yake inaeleweka. Ili kupata haidrojeni, chembe mbili za haidrojeni zinapewa elektroni mbili na kazi imekwisha. Lakini ili kupata oksijeni lazima molekuli mbili za maji zivuliwe haidrojeni zake zote, zinyang'anywe elektroni nne, moja baada ya nyingine, kisha oksijeni mbili zilizobaki zishikane mkono. Ni hatua nne, na kila hatua ina mlango wake. Mlango mmoja ukiwa mzito, foleni nzima inasimama.

Hapo ndipo kinapohitajika kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi ya kemia bila chenyewe kuliwa. Huwekwa juu ya elektrodi ya chanya, kazi ikafanyika juu ya ngozi yake.

Mfano wake ni hamali wa bandarini. Hamali asiyeshika mzigo vizuri anauangusha njiani, na hamali anayeukumbatia asitake kuuachia hana faida pia. Anayetakiwa ni yule anayeshika sawasawa, akafikisha, akaachia, akarudi kuchukua mwingine. Kichocheo kizuri hushika oksijeni hivyo hivyo: si kwa nguvu mno, si kwa ulegevu mno.

Hamali wa dhahabu na hamali wa chuma

Kwa miaka mingi, mahamali wanaosifiwa kuliko wote wamekuwa oksidi za madini mawili: iridiamu na rutheniamu. Rutheniamu ni hodari lakini huliwa haraka. Iridiamu inavumilia hata ndani ya asidi, ndiyo maana mashine zenye utando wa asidi bado zinaitegemea.

Tatizo ni kwamba iridiamu ni miongoni mwa madini adimu sana duniani. Dunia nzima hutoa kama tani 7 au 8 tu kwa mwaka, sehemu kubwa ikitoka Afrika Kusini, tena kama mabaki ya uchimbaji wa platini. Mwaka 2021 bei yake ilipita dola 6,000 kwa aunsi moja. Huwezi kujenga nishati ya dunia juu ya kitu ambacho mavuno yake ya mwaka mzima yanabebwa na lori moja.

Kwa hiyo watafiti wakageukia madini ya kawaida: nikeli, chuma, kobalti, manganisi. Haya huliwa upesi kwenye asidi, lakini kwenye maji ya alkali, kwa kawaida maji yaliyotiwa potasiamu haidroksaidi, yanadumu.

Kisa cha nikeli na chuma kina funzo lake. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba elektrodi za nikeli hutoa oksijeni vizuri ndani ya alkali, na sifa zote zikapewa nikeli. Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani, Dennis Corrigan, akaonyesha kwamba chuma kidogo mno, kilichoingia kama uchafu tu, ndicho kilichokuwa kikiipa nikeli nguvu. Mwaka 2014 kundi la Shannon Boettcher katika Chuo Kikuu cha Oregon likalithibitisha hilo kwa kuyasafisha maji ya alkali mpaka chuma chote kikaondoka. Nikeli tupu, bila chuma, ikawa hamali mvivu. Kumbe dawa za maabara zilizouzwa kama safi zilikuwa na chembe za chuma, na chembe hizo zilikuwa zikijibandika kwenye nikeli kimyakimya huku watu wakipima.

Leo mchanganyiko wa nikeli na chuma ni kipimo cha wengine wote kwenye alkali. Katika maabara, ngozi yake iliyotengenezwa vizuri hushindana na oksidi ya iridiamu, na mara nyingi huishinda, kwa malighafi ambayo bei yake huhesabiwa kwa tani badala ya aunsi.

Nyumba ya mawe ya Lamu

Mbona basi wanasema kichocheo cha mseto? Kwa sababu nikeli na chuma peke yao hawatoshi. Unga wao haupitishi umeme vizuri, na ukiuachia hivi hivi hubanduka.

Tazama nyumba ya kale ya Lamu. Mawe ya matumbawe hubeba uzito. Boriti za mikoko hushika dari. Chokaa huviunganisha vyote na kuziba nyufa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake ni nyumba. Kichocheo cha mseto hujengwa kwa fikra hiyo hiyo, kikiwa na sehemu tatu.

Ya kwanza ni mifupa. Mara nyingi hutumika nikeli iliyotengenezwa kama sifongo, yenye matundu mengi. Matundu hayo huongeza eneo la kazi, huyaruhusu maji kuingia na viputo kutoka. Kiputo kinachong'ang'ania juu ya elektrodi ni kama gari lililoharibika katikati ya barabara, linazuia wanaokuja nyuma. Kwenye mashine za asidi mifupa hutengenezwa kwa titani, chuma kisicholiwa kwa urahisi. Mchanga wenye madini ya titani tumeuona sana Kwale, ukisafirishwa nje kupitia Likoni tangu 2014 mpaka uchimbaji ulipofungwa mwisho wa 2024, ingawa duniani sehemu kubwa ya madini hayo huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka.

Ya pili ni njia ya umeme. Wengine hutumia kaboni ya aina ya grafini au mirija midogo ya kaboni, nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Mwaka 2013 kundi la Hongjie Dai katika Chuo Kikuu cha Stanford lilikuza tabaka za nikeli na chuma juu ya mirija kama hiyo, na katika alkali kichocheo chao kikaishinda iridiamu. Lakini kaboni ina udhaifu wake: upande wa chanya, umeme ukikaa juu kwa muda mrefu, yenyewe huungua polepole. Kwa hiyo anayejenga kwa miaka, si kwa makala ya jarida tu, huipunguza au huiepuka.

Ya tatu ni ngozi inayofanya kazi. Hii ni haidroksaidi ya nikeli na chuma iliyopangwa tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukumwa kwa samli. Kati ya tabaka na tabaka maji hupenya. Chuma huwa kidogo kuliko nikeli. Mara nyingi asilimia 15 hadi 25 ya madini hayo mawili ndiyo hutoa matokeo bora. Kikizidi mno, kinajitenga na kuwa kutu ya kawaida isiyo na faida.

Upishi wake si wa siri. Njia moja ni kuyeyusha chumvi za nikeli na chuma pamoja na urea, ile ile ya mbolea, kutia kipande cha sifongo ya nikeli, kufunga ndani ya chombo kisichovuja na kukipasha joto la kama nyuzi 120 kwa saa kadhaa. Njia nyingine ni kuipaka ngozi kwa umeme, kama mafundi wanavyopaka kromu, kazi ya dakika chache. Hii ni kazi ya maabara yenye miwani, glavu na msimamizi, msiifanyie jikoni. Nasema hivyo kuonyesha tu kwamba chuo cha kawaida cha Pwani chenye maabara ya kemia kinaweza kuifanya. Haihitaji hazina ya mfalme.

Na kama kuna anayedhani vitu vya bei nafuu haviwezi kazi hii, amwangalie mkoko. Kila jani la kijani hupasua maji kwa mwanga wa jua, na kichocheo chake ni kifundo kidogo cha manganisi nne, kalsiamu moja na oksijeni tano. Watafiti wa Japani walionyesha umbo lake kwa undani mwaka 2011. Hakina iridiamu wala platini. SubhanAllah. Hata hivyo jani lina siri ya pili: protini inayobeba kifundo hicho huharibiwa na mwanga, na jani huijenga upya muda wote. Mashine zetu hazijui kujiponya hivyo, ndiyo maana suala la kudumu ni zito kuliko suala la nguvu.

Maswali matatu ya kumuuliza muuzaji

Vichocheo vipya hutangazwa kila wiki. Ukisoma habari zake, au akija mtu na mradi kijijini kwenu, uliza haya.

Kwanza, kinahitaji volti ngapi za ziada juu ya 1.23, na kwa mkondo gani? Maabara nyingi hupima kwa miliampea 10 kwa kila sentimita mraba. Kwa kipimo hicho nikeli na chuma huhitaji ziada ya kama volti 0.25 hadi 0.3. Lakini kiwandani mkondo huwa mara 20 hadi 50 ya huo au zaidi. Punda anayekimbia bila mzigo si lazima akimbie akiwa na magunia.

Pili, kimedumu saa ngapi? Saa 20 za maabara ni mwanzo tu. Mashine ya kiwanda hutarajiwa kufanya kazi makumi ya maelfu ya saa.

Tatu, kimepimwa ndani ya maji gani? Kwa sisi watu wa Pwani, swali hili ndilo linalotuhusu zaidi.

Bahari yetu na klorini

Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni kloridi. Ukipitisha umeme, kloridi hushindana na maji pale upande wa chanya. Klorini huhitaji elektroni mbili tu, oksijeni huhitaji nne. Mwenye milango miwili humpita mwenye milango minne, hata kama njia yake kwa hesabu ni ya volti ya juu zaidi. Hilo ndilo lililotokea ndani ya ndoo yetu. Vijiti vya kaboni ni mahamali dhaifu wa oksijeni, betri ya volti 12 ilisukuma kwa nguvu kupita kiasi, na chumvi ikafanya yake. Tungetumia misumari, chuma chenyewe kingeliwa na maji yakawa matope ya kutu.

Kichocheo kizuri hubadilisha mambo. Ndani ya alkali kali, kuna pengo la kama volti 0.48 kati ya pale oksijeni inapoanza na pale dawa ya klorini inapoanza kutengenezwa. Kichocheo kinachofanya kazi kwa ziada iliyo chini ya hapo hutoa oksijeni kabla kloridi haijapata nafasi. Nikeli na chuma huingia humo. Mwaka 2019 kundi lile la Stanford lilitengeneza elektrodi ya mseto: sifongo ya nikeli, juu yake tabaka la nikeli na salfa, juu yake ngozi ya nikeli na chuma. Wakati wa kazi, salfa hiyo ilizalisha kinga iliyozisukuma kloridi mbali. Ilidumu zaidi ya saa 1,000 kwenye maji ya bahari yaliyoongezwa alkali.

Ni kazi nzuri, lakini nina neno. Kuyachuja maji ya bahari yakawa matamu kwa mitambo ya kisasa hutumia kama uniti 3 hadi 4 za umeme kwa lita 1,000. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni, inayokula kama lita 9 au 10 za maji safi, hutumia uniti 50 au zaidi. Gharama ya kuchuja maji ni tone ndani ya kisima. Basi mtu akija akisema siri yake ni kutumia maji ya bahari bila kuyachuja, muulize anaokoa nini hasa.

Na oksijeni ya mgonjwa je?

Nimpigie mpwa wangu hesabu aliyoistahili usiku ule. Mgonjwa wa kawaida huwekewa lita 5 kwa dakika. Ampea 10 zikipita kwenye maji, oksijeni yake ni kama mililita 38 kwa dakika, haijai hata kikombe cha kahawa. Kupata lita 5 kunahitaji zaidi ya ampea 1,300, ambazo mashine halisi huzigawa kwa kupanga seli nyingi mfululizo. Na kila dakika zitatoka lita 10 za haidrojeni ya kulipuka ndani ya chumba cha mgonjwa.

Mashine tuliyoazimwa haikupasua maji kabisa. Huvuta hewa ya kawaida, ambayo tayari ina oksijeni asilimia 21, na kuipitisha kwenye chembe zinazonasa naitrojeni. Hutumia kama wati 300 hadi 400. Kwa umeme wa kupasulia maji ungehitaji mara sita au zaidi. Kwa hiyo hospitali zetu zinahitaji mashine hizo, mafundi wa kuzitengeneza na stima isiyokatika. Kupasua maji kwa ajili ya kupumua kuna mahali pake pasipo na hewa ya kuvuta, kama kituo cha anga za juu, ambako oksijeni ya wanaanga hutengenezwa hivyo.

Kwa nini basi tujali vichocheo hivi? Kwa sababu haidrojeni haipatikani kwa kupasua maji bila oksijeni kutoka upande wa pili. Haidrojeni hiyo ndiyo ya mbolea, ya viwanda, ya kuhifadhi umeme wa jua na upepo. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani mwaka 2023, na mbolea imo ndani yake. Kila sehemu ya volti inayookolewa upande wa oksijeni ni bei inayopungua kwenye gunia la mkulima. Na kwa kuwa chuma na nikeli si hazina ya nchi moja, ni fani ambayo watoto wetu wanaweza kuingia bila kungoja ruhusa ya tajiri.

Mpwa wangu sasa yuko chuo cha ufundi, anasomea umeme. Juzi alinipigia simu kuuliza kwa nini betri ya gari haimalizi maji yake siku moja. Nikamwambia: kwa sababu bati zake za chanya, za oksidi ya risasi, ni kichocheo kibaya cha oksijeni, na hapo ubaya huo ndio faida. Akacheka. Kisha akauliza kama chuo chao kinaweza kupata sifongo ya nikeli.

Wazazi na walimu, vijana wakiuliza maswali kama haya msiwazime. Wapeni maabara, miwani ya macho na mtu mzima wa kusimama karibu. Lakini ndoo, chumvi na betri ya gari ndani ya nyumba yenye mgonjwa, wallahi, msijaribu. Mimi nilijaribu na diploma yangu mfukoni, na aliyenusurika kwanza alikuwa mama yangu.